Mashine ni yako, ufunguo ni wa nani? Jinsi programu za kienyeji zilivyoingia katika Wii

MTU anunuapo redio dukani huwa huru kusikiliza stesheni yoyote aipendayo. Anunuapo jembe, mhunzi hamfuati shambani kumwambia apande mahindi na asipande maharagwe. Lakini anunuapo mtambo wa michezo ya video, mambo huwa tofauti. Mtambo huo, ambao kwa hakika ni tarakilishi kamili, hukubali kuendesha programu zile tu zilizoidhinishwa na kampuni iliyouunda. Programu nyingine yoyote, hata iwe imeandikwa na mwenye mtambo kwa mikono yake mwenyewe, hukataliwa mlangoni.

Ni kutokana na kizuizi hiki ambapo pamezuka kote ulimwenguni watu wanaojitolea usiku na mchana kutafuta njia ya kuupita mlango huo ili waendeshe programu zao. Kwa Kiingereza, programu hizo hupewa jina lililoazimwa kutoka kwa pombe inayotengenezewa nyumbani. Sisi twaweza kuziita programu za kienyeji, kwa maana ileile tunayokusudia tunaposema kuku wa kienyeji: hazikutoka kiwandani wala hazina chapa ya kampuni kubwa.

Makala haya yanaeleza jinsi programu za aina hiyo zilivyoingizwa katika mtambo mmoja mashuhuri, Wii, uliotengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Japani. Kisa chake kinafaa kuelezwa kwa sababu kinaonyesha kwa uwazi kazi ya kufuli za kielektroniki, udhaifu wake, hatari anazokabiliana nazo anayezifungua, na msimamo wa sheria kuhusu suala hili.

Tarakilishi iliyojificha

Wii ilianza kuuzwa Novemba 2006 na ikapokewa vyema ajabu. Kufikia mwisho wa safari yake ya kibiashara, zaidi ya mitambo milioni 101 ilikuwa imenunuliwa duniani. Ndani ya kisanduku hicho kidogo mlikuwa na prosesa yenye kasi ya megahezi 729, kumbukumbu ya megabaiti 88, hifadhi ya kudumu ya megabaiti 512, nafasi ya kadi ya SD, matundu mawili ya USB na uwezo wa kuunganishwa na intaneti bila waya.

Kwa kipimo cha miaka hiyo, hiyo ni tarakilishi ya kutosha kuonyesha filamu, kucheza muziki na kufanya kazi nyingine nyingi. Hata hivyo, Wii haikuweza hata kuonyesha filamu iliyo katika diski ya kawaida ya DVD, ingawa diski za michezo yake zilitengenezwa kwa teknolojia iyo hiyo.

Kampuni zina sababu za kufunga mitambo yao. Kwanza, kila anayetaka kuuza mchezo kwa wenye mtambo huo sharti apate leseni, na leseni ni pato. Pili, kufuli huzuia diski bandia, ambazo huwanyima waandishi wa michezo jasho lao. Tatu, huwazuia walaghai wanaobadilisha michezo ili wawashinde wenzao kwa hila. Sababu hizi si za kupuuzwa. Tatizo ni kwamba kufuli ya aina hii haijui tofauti kati ya mwizi na mwanafunzi anayetaka kujaribu mchezo alioubuni. Wote wawili hufungiwa nje.

Muhuri wa chifu

Mbali na prosesa kuu, Wii ina prosesa ndogo ya pili ambayo kazi yake mojawapo ni ulinzi. Wadukuzi waliipa jina la utani Starlet. Kabla ya programu yoyote kuruhusiwa, mlinzi huyu huchunguza kama ina sahihi ya kielektroniki ya Nintendo.

Sahihi hiyo yaweza kulinganishwa na muhuri wa chifu. Kila mtu katika lokesheni anautambua muhuri huo akiuona juu ya barua, lakini chifu pekee ndiye aliye nao. Vivyo hivyo, Nintendo ina ufunguo wa siri wa kutia sahihi, ambao hautoki nje ya kampuni. Ndani ya kila Wii mna ufunguo wa pili, ambao hauwezi kutia sahihi bali huweza tu kuthibitisha kwamba sahihi iliyotiwa ni ya kweli. Hata ukiufungua mtambo mzima vipande vipande, hutaupata muhuri wenyewe.

Kihisabati, mpango huu ni imara mno. Hakuna aliyeuvunja kwa kukisia ufunguo wa siri wa Nintendo. Waliofaulu walipitia kando, katika makosa madogo yaliyofanywa na wanadamu walioujenga.

Kibano cha nyusi

Pigo la kwanza lilitolewa kwa kifaa kisichozidi bei ya soda. Wii iliundwa iweze pia kuendesha michezo ya mtambo uliotangulia, GameCube. Inapofanya hivyo, huruhusu mchezo kugusa megabaiti 16 tu kati ya 64 za sehemu moja ya kumbukumbu. Megabaiti zilizobaki hufichwa. Lakini wahandisi hawakuzifuta, na humo mlikuwa mmebaki funguo za siri za mtambo, mithili ya mtu aliyefunga mlango wa chumba akaacha funguo mezani.

Wadukuzi walichukua kibano cha chuma, kama kile kinachotumiwa kunyofoa nyusi, wakagusisha nyaya mbili ndogo kwenye ubao wa mtambo. Kitendo hicho kiliuchanganya mtambo ukaonyesha sehemu nyingine ya kumbukumbu badala ya ile iliyoruhusiwa. Wakarudia kwa nyaya nyingine, sehemu kwa sehemu, hadi wakapata walichokitafuta. Kundi hilo lilijiita Team Twiizers, jina linalochezea neno la Kiingereza lenye maana ya kibano. Desemba 2007, katika kongamano la wadukuzi la Chaos Communication Congress mjini Berlin, Ujerumani, Wii ilionyeshwa hadharani ikiendesha programu isiyo na idhini.

Miongoni mwa funguo zilizopatikana ni ile ambayo mtambo mmoja mmoja huitumia kutia sahihi faili za michezo iliyohifadhiwa, yaani zile zinazokumbuka mchezaji amefika wapi. Faili yenye sahihi ya Wii moja ilikubaliwa na Wii nyingine zote, kwa sababu marafiki walitarajiwa kubadilishana faili hizo kwa kadi ya SD. Kwa hivyo, ufunguo wa mtambo mmoja ulitosha kuwafikia wengine wote bila wao kuhitaji kibano.

Farasi mwenye jina refu

Sasa ilihitajika njia ya kuutumia ufunguo huo. Ilipatikana mwaka wa 2008 katika mchezo wa Nintendo yenyewe, The Legend of Zelda: Twilight Princess. Katika mchezo huo, shujaa ana farasi aitwaye Epona, na mchezaji anaweza kumpa farasi huyo jina jingine.

Mchezaji wa kawaida hawezi kuandika jina refu kupita kiasi kwa kuwa mchezo humzuia. Lakini jina linapotoka katika faili iliyohifadhiwa, mchezo haukupima urefu wake. Uliamini tu kwamba faili imetengenezwa na mchezo wenyewe. Wadukuzi walitengeneza faili ambamo farasi ana jina refu ajabu. Mchezo ulipolisoma, jina likafurika kama maji ya mtaro uliozidiwa na mvua, likamwagikia sehemu jirani ya kumbukumbu ambamo mashine huandika mahali itakapoendelea na kazi. Maandishi hayo yakafutwa na badala yake yakawekwa maelekezo mapya: nenda kwenye kadi ya SD, uendeshe programu iliyomo.

Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa na mchezo huo na kadi ya SD alivyoweza kuufungua mtambo wake bila kuchomoa hata parafujo moja.

Mlinzi asiyesoma kupita sufuri

Kosa la tatu ndilo lililowashangaza wataalamu zaidi. Ili kuthibitisha sahihi, mtambo hukokotoa muhtasari wa programu nzima, ambao ni mfululizo wa baiti 20, kisha huulinganisha na muhtasari uliofungwa ndani ya sahihi. Zikilingana zote 20, programu hupita.

Aliyeandika sehemu hiyo alitumia njia ya kulinganisha maneno badala ya kulinganisha nambari. Katika lugha ya programu iliyotumika, neno huhesabiwa kuwa limekwisha panapotokea baiti ya sufuri. Ni sawa na mlinzi wa lango anayelinganisha vitambulisho viwili, lakini ameagizwa akome kusoma pindi afikiapo sufuri. Vyote viwili vikianza na sufuri, husema vinafanana na kumwacha mgeni apite, bila kutazama tarakimu zilizosalia.

Kupata sahihi inayofunguka kuwa sufuri tupu ni rahisi: huandikwa sufuri mahali pote. Kilichobaki ni kubadilisha sehemu zisizo na kazi katika programu hadi muhtasari wake nao uanze na sufuri. Kwa kuwa baiti moja ina thamani 256 tu, majaribio mia kadhaa hutosha, na tarakilishi huyamaliza kufumba na kufumbua. Sahihi ambayo ingehitaji karne nyingi kughushiwa ikawa inaghushiwa kwa dakika.

Paka na panya

Mei 2008, Team Twiizers walitoa Homebrew Channel, programu inayojiweka katika ukurasa wa kwanza wa Wii kama mojawapo ya huduma zake za kawaida. Kutoka hapo, mwenye mtambo huweza kufungua programu yoyote ya kienyeji iliyo katika kadi yake ya SD. Zikaja programu za kuonyesha filamu, za kucheza muziki, michezo iliyobuniwa na vijana wasio na leseni, na hata mfumo wa Linux.

Nintendo haikukaa kitako. Toleo la 3.3 la mfumo wa Wii, lililotolewa Juni 2008, lilianza kuisaka na kuifuta ile faili ya farasi. Wadukuzi wakapata njia ya kuikwepa. Toleo la 4.0 la Machi 2009 likaiziba njia hiyo, nao wakahamia kwenye udhaifu mwingine. Toleo la 4.2 la Septemba 2009 liligusa sehemu nyeti inayouwasha mtambo, na baadhi ya watumiaji wakalalamika kwamba mitambo yao ilikufa baada ya kulipokea. Toleo la 4.3, lililotolewa mwaka wa 2010, pia halikumaliza vita. Mwaka wa 2011 ikatokea mbinu iitwayo LetterBomb, ambayo huingia kupitia barua katika ubao wa ujumbe wa Wii. Mbinu hiyo haikuhitaji mchezo wowote.

Inavyofanyika na inavyoharibika

Kwa anayetumia mbinu hiyo, hatua zenyewe si nyingi. Mwenye mtambo husoma nambari ya utambulisho wa mtandao wa Wii yake, kwa kuwa barua hutengenezewa mtambo mmoja tu. Faili anazopewa huzinakili kwenye kadi ya SD, akaitia kadi katika mtambo, kisha akafungua ubao wa ujumbe. Humo hukuta barua yenye picha ya bomu. Akiibonyeza, kisakinishi hufunguka.

Jambo la kwanza ambalo kisakinishi hicho huonyesha ni onyo: programu hii hutolewa bure, na aliyeilipia ametapeliwa, basi adai pesa zake. Onyo hilo liliwekwa kwa sababu palitokea walaghai waliouza kwenye intaneti kazi iliyotolewa bila malipo. Msomaji atakayeambiwa na fundi kwamba programu yenyewe ina bei, na wala si muda wa fundi, akumbuke hilo.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo wenye pupa huiruka. Kisakinishi hutoa pia programu iitwayo BootMii, ambayo huweza kunakili hifadhi yote ya megabaiti 512 ya mtambo na kuiweka kwenye kadi ya SD. Nakala hiyo ndiyo bima. Hifadhi ya ndani ikichafuliwa, kwa mfano kwa kuweka sehemu za mfumo zilizokusudiwa mitambo ya nchi nyingine, au umeme ukipotea katikati ya kazi, Wii huweza kukataa kuwaka kabisa. Wachezaji husema mtambo umegeuka tofali, kwani matumizi yake pekee yaliyobaki ni kuzuia mlango usifungwe na upepo.

Katika Wii za awali, BootMii huweza kukaa katika sehemu inayosomwa mapema mno mtambo unapowashwa, hivyo kwamba hata mfumo ukiharibika, nakala yaweza kurudishwa. Katika zile zilizotengenezwa baadaye, Nintendo iliziba kosa lililoruhusu hilo, na bima hiyo ni hafifu zaidi. Haraka haraka haina baraka: anayetaka kujaribu na aanze kwa kunakili, asome maelezo hadi mwisho, na asiweke sehemu ya mfumo asiyojua kazi yake.

Sheria inasemaje?

Hapa ndipo penye utata. Kuandika programu yako mwenyewe si kosa. Kunakili mchezo wa mwingine na kuusambaza ni kosa karibu kila mahali. Lakini je, kuivunja kufuli yenyewe, bila kuiba chochote?

Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 1998 inakataza kukwepa kinga za kiufundi zinazolinda kazi zenye hakimiliki, ijapokuwa misamaha hutolewa kila baada ya miaka mitatu. Mwaka wa 2010 wenye simu waliruhusiwa kuzifungua ili waweke programu wanazotaka. Ombi kama hilo kwa mitambo ya michezo lilikataliwa mwaka wa 2012, kwa hofu kwamba lingefungulia wizi mlango. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 nayo inahesabu kukwepa kinga za aina hiyo kuwa ukiukaji. Hili linawahusu hasa wenye mabanda ya michezo mitaani, ambako mitambo iliyotiwa vifaa vya kukubali diski za kunakiliwa imekuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi.

Barani Ulaya, Nintendo ilishtaki kampuni ya PC Box ya Italia iliyouza vifaa vya kuifungua Wii. Kampuni hiyo ilijitetea kwamba vifaa vyake viliwawezesha wateja kuendesha programu huru, kutazama filamu na kusikiliza muziki. Januari 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kinga ya kisheria haiwezi kutolewa kwa kila kufuli bila kuangalia kadiri yake. Jaji apime kama kufuli inazuia zaidi ya inavyohitajika, na atazame watu hasa wanavyotumia kifaa husika. Kesi iliporejeshwa Milan, mahakama ya huko iliamua mwaka wa 2015 kwa faida ya Nintendo.

Wanaofanya biashara ya kufungulia watu mitambo huweza kuadhibiwa vikali. Gary Bowser, raia wa Canada aliyekuwa mmoja wa kundi la Team Xecuter lililouza vifaa vya kuendesha michezo ya wizi, alihukumiwa nchini Marekani Februari 2022 kifungo cha miezi 40, pamoja na mzigo wa mamilioni ya dola anayodaiwa na Nintendo.

Kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Team Twiizers walisisitiza kwamba wanapinga wizi wa michezo, lakini mlango walioufungua haukuwachagua waliopita. Wizi ulipita papo hapo. Wala ndani ya jamii yenyewe ya programu za kienyeji haki haikuheshimiwa nyakati zote. Aprili 2025, waliotunza Homebrew Channel walisimamisha kazi yao, wakidai kwamba maktaba ya programu waliyoitegemea kwa miaka mingi ilijengwa kwa sehemu zilizochukuliwa kutoka kwa wengine bila ruhusa wala kutajwa.

Kilichobaki

Wakati huohuo, mtambo wenyewe ulizeeka. Nintendo ilizima huduma ya kuchezea michezo ya Wii kwa intaneti Mei 2014. Duka la Wii, ambamo watu walinunua michezo kwa pesa zao halali, lilifungwa Januari 30, 2019. Nchini Japani, ukarabati wa Wii ulikomeshwa mwaka wa 2020.

Ni hapo ambapo programu za kienyeji zilionyesha thamani ambayo wengi hawakuitarajia. Mwaka huohuo wa 2014, wapenzi wa Mario Kart Wii waliunda huduma yao ya mtandaoni iitwayo Wiimmfi, na watu wakaendelea kushindana. Wengine wakafufua huduma nyingine zilizokuwa zimezimwa. Mtambo uliokuwa umeachwa na kampuni yake ukaendelea kuishi kwa hisani ya wale ambao kampuni ilikuwa imetumia miaka mingi kuwafungia nje.

Suala hili si la wachezaji pekee. Kufuli za aina hii leo zimo katika simu, televisheni, magari na hata matrekta. Wakenya wengi wanazifahamu kupitia simu za kulipia kidogo kidogo, ambazo hufungwa kutoka mbali mnunuzi anapochelewesha malipo. Huko, angalau, masharti yanajulikana: deni likiisha, kufuli huondolewa na simu huwa ya mwenyewe. Aliyenunua Wii alilipa bei yote kwa siku moja, na kufuli haikuondolewa, si siku ile, wala siku duka lilipofungwa.